Mwanzi, Waya na Maji ya Bahari: Majibu kwa Wanaredio wa Tanga

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Tanga na wilaya zake, na zote zinauliza namna ya kutoka na redio nje ya nyumba: begani, kwenye gari, ufukweni au mlimani. Kwa msomaji anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, redio ya ridhaa ni shughuli ya watu waliopewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kujuana na wenzao wa karibu na wa mbali, bila kulipwa na bila kufanya biashara. Hapa nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, na jina la kituo cha mwenye leseni kwa kawaida huanza na 5H. Barua nimezifupisha bila kubadili maana, na majina ya walioandika sikuyataja, kama wengi wao walivyoomba.

Shikamoo Mzee wetu. Mimi ni kijana wa Chumbageni, na leseni ninayo tangu mwaka jana. Nina redio ndogo ya wati 5 niliyouziwa na rafiki aliyehama. Nikiwa nyumbani nasikia mvumo tu kama wa nyuki, na nikiita hakuna anayejibu. Wenzangu wananiambia niiuze, nidundulize, ninunue ya wati 100. Je, wana haki?

Marahaba, mwanangu. Redio usiiuze. Sikuambii hivyo kwa kukufariji, bali kwa sababu ya hesabu. Kutoka wati 5 hadi wati 100 nguvu inaongezeka mara 20, lakini mshale wa mita ya yule anayekusikiliza haupandi alama 20. Kila alama moja inadai nguvu iongezeke mara 4, kwa hiyo mara 20 hizo ni kama alama mbili na kidogo. Mtu ambaye angekupokea kwa alama 9 ukiwa na redio kubwa atakupokea kwa 7 ukiwa na hiyo uliyonayo, na kwa alama 7 watu huzungumza wakaelewana bila shida. Bei ya alama hizo mbili ni redio inayokula ampea zipatazo 20 kila unapobonyeza kitufe cha kusemea, pamoja na betri ambayo huwezi kuitoa Chumbageni hadi baharini kwa miguu. Yako inatosheka na ampea moja au mbili.

Kinachokunyima majibu ni mvumo na antena. Mvumo huo wa nyuki hautoki angani. Unatoka kwenye chaja za simu, taa za LED za bei ndogo, ving'amuzi na inveta za sola, kwa kuwa vyote hivyo hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kumwaga takataka zake kwenye masafa yale yale unayosikiliza. Ili upate hakika, endesha redio yako kwa betri, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Mvumo ukikatika, adui yumo ndani na utamsaka chombo kimoja kimoja. Ukibaki, ni wa majirani, na katika mitaa iliyobanana kama yenu huna la kufanya ila kuhama na redio yako kwa saa chache.

Hamia ufukweni, mwanangu, maana hapo ndipo mtu wa Tanga amejaliwa kuliko mwanaredio wa Dodoma au wa Tabora. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa kiasi cha mara elfu moja hivi kuliko udongo wa kawaida. Antena ya kusimama wima inategemea kile kilicho chini yake kama mtu anavyotegemea sakafu ili aruke: ikisimama kwenye udongo, sehemu kubwa ya mawimbi yanayotoka kwa pembe ya chini, ambayo ndiyo yanayokwenda mbali, humezwa na ardhi, ikisimama ukingoni mwa maji ya chumvi, mawimbi hayo huteleza juu ya bahari na kwenda zake. Ila usidanganywe na neno ufukwe. Mchanga mkavu ulio juu chini ya mivinje ni sakafu mbaya kuliko hata shamba la Muheza. Shuka mpaka pale mchanga unapolowa.

Antena yenyewe utaitengeneza kwa jioni moja. Gawanya 71.5 kwa masafa unayotaka, kwa megahezi, na jibu ni urefu wa waya kwa mita. Kwa 14.2, ambayo iko katikati ya mita bendi 20, utapata mita 5 na sentimita 3. Kata mita 5.20, ufunge waya huo kwenye mwanzi mkavu wa mita 6, uunganishe mwisho wake wa chini na kiini cha kebo ya koaksi, yaani kebo yenye waya wa katikati uliozungukwa na nyavu ya shaba, na ile nyavu ya kebo uiunganishe na nyaya nyingine mbili za urefu huo huo zinazonyooshwa kuelekea majini, zikiwa zimeinuliwa kwa vijiti kiasi cha dhiraa moja kutoka mchangani. Pima kwa mita ya SWR, ile inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu antena inakirudisha redioni, kisha punguza waya wa juu kidogo kidogo. Kila sentimita unayokata hupandisha masafa kwa kilohezi 28 hivi, kwa hiyo mkasi ushikwe kwa subira: waya uliopita kiasi haurudi. Ukifikia 1.5 au chini yake, acha. Kuifukuzia 1.0 kamili ni kupoteza mwanga wa jioni.

Kamba za kushikilia mwanzi zisiwe za mkonge. Nasema hivi kwa uzito, kwa kuwa mkonge ndio uliojenga mji wetu na kamba zake zipo kila duka, lakini kamba ya mkonge ikilowa hulegea na kukaza kwa zamu, na chumvi ikishaingia ndani yake hupitisha umeme kwa kiasi cha kuharibu vipimo vyako. Tumia uzi wa nailoni wa wavuvi, ule mnene.

Jambo la maji kupwa na kujaa nalo sitalipita, kwa sababu limenigharimu. Mchana mmoja nilisimamisha mwanzi Mwambani maji yakiwa yamekupwa, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu, wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya maji kupwa na kujaa kwenye pwani yetu hupita mita 3. Mtu wa Ugiriki alinijibu kwa mwito wa pili, na sauti yake ilikuwa safi kiasi cha kusikia akivuta pumzi kabla ya kutaja jina la kituo changu. Nyuma yake akaja wa Uhispania, kisha Afrika Kusini, na nikazama humo mpaka nilipohisi ubaridi kwenye vidole vya miguu. Nyaya za chini zilikuwa zinaelea, na betri, niliyokuwa nimeitua mchangani, ilikuwa imelowa hadi nusu. Haikupona. Siku hizi kalenda ya bamvua huiangalia kabla ya kuangalia hali ya jua, na betri hukaa ndani ya ndoo badala ya mimi kukaa juu yake.

Kuhusu saa za kwenda, mita bendi 20 huamka vizuri kuelekea Ulaya kuanzia alasiri hadi baada ya magharibi. Mita bendi 15 na 10 ni za mchana, nazo hutegemea sana jua, ambalo madoa yake huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka ipatayo 11. Kwa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi usitumie kabisa antena ya wima: nyoosha waya wa mita 20 ulio mlalo, uliogawanywa katikati, kwenye masafa ya 7.1, hata ukiwa kwenye miti ya mita 5 tu. Waya wa chini namna hiyo hutupa mawimbi juu, yakagonga ionosfea, lile tabaka la juu la anga, na kurudi karibu, na kwa nchi ya milima kama yetu hilo ndilo linalotakiwa.

Neno la mwisho kwako ni la adabu. Beba nakala ya leseni, piga hodi kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya siku ya kwanza, na kaa mbali na bandari na uwanja wa ndege. Mtu mwenye mwanzi, nyaya na kisanduku kinachosema lugha za kigeni wakati wa magharibi ana haki ya kuulizwa maswali, nawe jibu kwa utulivu, umkaribishe aliyeuliza asikilize. Mlinzi mmoja wa usiku aliyeanza kwa kunitilia shaka hivyo ndiye sasa anayenishikia mwanzi.

Mzee, mimi ni dada wa Pangani, mgeni katika jambo hili. Kwenye daftari la mawasiliano tunaambiwa tuandike saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja kwa dunia nzima. Nakosea kila mara, na kadi mbili za kuthibitisha mawasiliano zimerudishwa kwa sababu saa na tarehe hazikulingana na za mwenzangu. Je, kuna njia rahisi?

Ipo, dada yangu, na iko ndani ya lugha yetu yenyewe. Saa ya Afrika Mashariki imetangulia UTC kwa saa 3, na saa yetu ya Kiswahili iko nyuma ya saa hiyo ya Afrika Mashariki kwa 6. Kwa hiyo mchana, chukua saa ya Kiswahili ujumlishe 3, basi. Saa 2 asubuhi ni 05:00. Saa 10 alasiri ni 13:00. Usiku jumlisha 15: saa 1 usiku ni 16:00, na saa 6 usiku ni 21:00. Jumla ikifika 24 au kuipita, toa 24. Kwa hiyo saa 10 alfajiri ni 01:00. Huna haja ya kupitia saa za kizungu ukutani, na nadhani huko ndiko ulikokuwa unapotelea.

Kosa la tarehe hutokea kati ya saa 6 usiku na saa 9 usiku. Katika muda huo kalenda yetu imeshageuka lakini ya UTC bado. Mtu uliyezungumza naye saa 8 usiku wa kuamkia Jumapili muandikie 23:00 ya Jumamosi.

Salaam alaikum. Mimi ni dereva, na njia yangu ni Tanga hadi Horohoro. Kwenye gari langu nimefungiwa redio ya wati 100 na fundi mmoja wa umeme wa magari. Injini ikiwa imezimwa napokea vizuri. Nikiwasha, unatokea mluzi unaopanda kadiri ninavyokanyaga mafuta. Nikibonyeza na kusema, redio inazimika kisha inajiwasha. Fundi anasema redio ni mbovu nitafute nyingine. Picha nimeambatanisha.

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Picha yako imejibu nusu ya barua. Nyaya za redio zimeingia nyuma ya tundu la kuwashia sigara, na rangi ya plastiki ya waya mwekundu karibu na kiungio imebadilika ikawa ya hudhurungi, kama ukoko wa wali. Hiyo ni alama ya joto. Usibonyeze tena kitufe cha kusemea mpaka nyaya hizo zitoke hapo.

Redio ya wati 100 huhitaji ampea zipatazo 20 inaporusha, na nyingi za aina hiyo zimeundwa kwa volti 13.8, zikivumilia kushuka hadi karibu 11.7. Tuseme waya ni wa milimita za mraba 2.5, ambao wengi huudhani mnene, na kutoka betri hadi redio ni mita 5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za shaba, ambazo upinzani wake ni kama omu 0.07. Zidisha kwa ampea 20, utapata volti 1.4 zinazopotea njiani. Betri yenye volti 12.6 injini ikiwa imezimwa itaifikishia redio 11.2, nayo itazimika. Ukinyamaza, mzigo unaondoka, volti zinapanda, redio inajiwasha. Ndicho hasa ulichokieleza. Na waya wa tundu la sigara kwa kawaida ni mwembamba kuliko huo, tena una fyuzi ya ampea 10 au 15. Redio yako ni nzima, ndugu yangu, inalia njaa.

Dawa yake ni kupeleka nyaya mbili, chanya na hasi, zikiwa peke yake kutoka kwenye betri. Kwa umbali huo tumia waya wa milimita za mraba 10, na upotevu utashuka hadi kama theluthi moja ya volti. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na kichwa cha betri, kwani kazi yake ni kulinda waya: fyuzi iliyo upande wa redio huuacha waya wote wa katikati bila mlinzi. Kama gari lako ni la miaka ya karibuni na kuna kihisi kidogo kilichofungwa kwenye kichwa hasi cha betri, waya hasi wa redio usiufunge hapo juu ya kihisi, bali pale ambapo waya mkuu hasi wa betri unashika kwenye bodi ya gari. Na pale nyaya zinapopenya bati la kutenganisha injini na chumba cha dereva, weka mpira wa kulinda waya. Kingo ya bati hukata plastiki taratibu kwa mtikisiko wa barabara, mwezi mmoja, miwili, halafu siku moja shaba inagusa bati. Magari yameungua kwa kukosa kipande cha mpira cha ukubwa wa kishikizo cha koti, na hapa sitaki uniamini nusu nusu.

Mluzi ni wa altaneta, na huenda ukaondoka wenyewe nyaya zikishatoka kwenye tundu la sigara. Usipoondoka, chomoa antena injini ikiwa inaunguruma. Mluzi ukibaki, unaingia kwa nyaya za umeme, na pete kubwa ya feraiti iliyozungushiwa nyaya hizo mara kadhaa karibu na redio itasaidia. Ukipotea, unaingia kwa antena. Katika hali hiyo, na hasa ukisikia pia tik-tik-tik za plagi za injini, unganisha boneti, mlango wa nyuma na bomba la moshi na bodi ya gari kwa utepe wa shaba uliosukwa. Usiununue: chuna kebo nene ya koaksi ya zamani, nyavu yake ukiibana bapa ndiyo utepe wenyewe. Kwaruza rangi mpaka bati ling'ae kabla ya kufunga skrubu, kisha paka grisi juu, la sivyo hewa yetu ya chumvi itakurudisha ulikoanzia ndani ya miezi michache.

Antena fupi ya gari usiidai mengi kwenye mita bendi 40. Robo ya wimbi hapo ni mita 10, na fimbo yako ya mita 2.5 inajazwa upungufu kwa koili, ambamo sehemu kubwa ya wati zako hugeuka joto. Kwenye 14 na 21 megahezi utashangaa kwa furaha. Egesha unapotaka kuzungumza kwa kirefu. Na ukifika Horohoro, zima kabla ya kuvuka: leseni ya Tanzania pekee haikupi ruhusa ya kurusha ukiwa Kenya, omba kwanza kibali cha mamlaka ya huko.

Nipo Kigombe, nyumba yangu inatazama bahari. Kila baada ya miezi mitano au sita antena yangu ya megahezi 145 inakuwa bubu. Nikifungua plagi nakuta unga wa kijani. Nimenunua kebo mara mbili. Je, kuna kebo isiyoshika kutu?

Hakuna shaba isiyoshika kutu Kigombe, ndugu yangu, lakini kuna kebo isiyoingiza maji, na hiyo utaitengeneza kwa mikono. Maji hayaingii kwa ubavu wa kebo. Huingia kwenye plagi ya juu, kisha nyavu huyafyonza kama utambi wa koroboi unavyofyonza mafuta ya taa, hata mita nzima kwenda ndani. Kwa hiyo unapobadilisha plagi bila kukata kebo, umeibadilisha bure. Kata mpaka uione nyavu inang'aa kama sufuria mpya, hata ikibidi kupoteza mita mbili. Lehemu plagi, kaza, kisha zungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukiuvuta hadi ukaribie maradufu ya urefu wake. Anzia chini uende juu, kama unavyoezeka makuti, ili kila mzunguko wa juu ulalie ule wa chini na maji yateleze. Juu yake pitisha utepe mweusi wa fundi umeme kwa mtindo huo huo, kwani jua nalo ni adui wa mpira. Kabla kebo haijaingia dirishani, iache ining'inie kama tumbo la kamba ili matone yadondokee hapo nje.

Ukinunua tena, angalia unene. Kebo nyembamba ya aina ya RG-58 hupoteza karibu sehemu ya kumi tu ya nguvu zako kwa mita 10 kwenye megahezi 7, lakini kwenye 145 urefu huo huo hula zaidi ya theluthi, hata ikiwa mpya na kavu. Kwa wanaobeba redio begani kwenda ufukweni, futeni chumvi kwenye vyombo kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo kila mnaporudi, kabla ya chai.

Mimi ni nahodha wa mashua. Kijana wangu ana leseni ya redio ya ridhaa. Tunaweza kuitumia kuulizia bei ya samaki Tanga kabla ya kuingia, na kuomba msaada tukipata dhoruba?

Bei ya samaki, hapana, nahodha. Hiyo ni biashara, na redio ya ridhaa hairuhusiwi kubeba biashara ya mtu yeyote, iwe kubwa au ndogo. Kwa dhoruba, nunua redio ya baharini ya VHF na upate kibali chake. Chaneli ya 16, megahezi 156.8, ndiyo inayosikilizwa na meli na bandari kwa ajili ya dhiki, na redio ya kijana wako haikusudiwi kazi hiyo. Yake iwe ya kuzungumza na walimwengu mkiwa mmetia nanga. Upo mpango wa kimataifa wa kuwasiliana kutoka visiwani, ulioanza Uingereza mwaka 1964, na wapenzi wake hutafuta kwa hamu sauti yoyote kutoka kisiwa cha Afrika. Mkishusha nanga kwenye kisiwa cha pwani yetu mkawasha redio kwa ruhusa zote, kijana wako atapanga foleni ya watu ambao hajawahi kuota kuwasikia.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja wilayani Muheza, nina leseni na redio mbili za mkononi za wati 5. Nataka kuwapeleka wanafunzi Amani, kule milimani Usambara, siku moja ya Jumamosi. Kule ufukweni Tanga redio hizi hazivuki kilomita 10. Je, kutoka Amani tutaipata Tanga? Kuna mwenzetu Pemba mwenye leseni, anasema tujaribu naye.

Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha. Kilomita 10 za ufukweni si udhaifu wa redio, ni umbo la dunia. Mawimbi ya megahezi 145 husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia hujikunja chini yake. Wape wanafunzi kanuni hii kabla ya safari: chukua kimo cha kila redio kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, jumlisha vipeuo viwili, zidisha kwa 4.12, na jibu ni kilomita. Watu wawili waliosimama mchangani, redio zikiwa mita 1.5 kutoka chini, hupata 10, kama mlivyopata ninyi. Sasa Amani iko kwenye mita zipatazo 900 juu ya usawa wa bahari. Kipeuo cha 900 ni 30, na 30 mara 4.12 ni karibu 124. Tanga iko kilomita 50 na kitu, kwa hiyo hilo limekwisha. Pwani ya magharibi ya Pemba iko kilomita 110 hivi. Mwambie mwenzako ajiandae.

Ila hesabu hiyo inadhani hakuna kilichosimama katikati, na Amani ni msitu. Majani mabichi yenye maji hunyonya mawimbi ya masafa hayo, na ukingo mmoja wa mlima ulio mashariki yenu unatosha kuifuta Pemba yote. Tangulia wewe siku moja kabla, utafute mahali palipo wazi ambapo macho yako yanashuka bila kizuizi hadi uwanda wa Muheza na bahari iliyo nyuma yake. Ukiiona bahari, redio inaiona. Hatua 20 kushoto au kulia zinaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kuongeza wati, na hilo nalo liwe zoezi: mwanafunzi mmoja asikilize, mwingine atembee akiwa ameshika redio, wa tatu aandike kila hatua.

Ile antena fupi ya mpira iliyokuja na redio ibaki kwenye begi. Chukua plagi ya kike ya koaksi yenye matundu manne pembeni, lehemu waya mgumu wa shaba wa sentimita 49 katikati ukiwa wima, na nyingine nne za urefu huo kwenye matundu, ukizikunja kushuka chini kwa nyuzi 45. Ipandishe kwenye mwanzi wa mita 3 au 4. Kwa kuwa wewe ndiye mwenye leseni, kitufe cha kurusha kiwe mkononi mwako, na jina la kituo ulitaje ukiongeza herufi P mwishoni, kuonyesha kuwa mmetoka nje ya kituo chenu cha kawaida. Kusikiliza ni kwao wote.

Na mkiwa huko juu, wekeni redio moja kwenye 145.800. Kituo cha Kimataifa cha Anga hutumia masafa hayo kushusha mawasiliano yake ya ridhaa. Hakirushi wakati wote, kwa hiyo tafuta ratiba ya kupita kwake kabla hujapoteza mtandao wa simu njiani, na uchague mpito wa juu. Kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwenye kimo cha kilomita zipatazo 400, na mpito mzuri huchukua kama dakika 10. Kinapowajia, masafa mtakayoyasikia yatakuwa juu kwa kilohezi 3 hivi. Kikiwa juu ya vichwa vyenu yatalingana. Kikiondoka yatashuka kwa kiasi hicho hicho. Ni lile lile wanalolijua wanafunzi kutoka kwenye honi ya basi linalopita Muheza mjini bila kusimama. Weka redio ihame kwa hatua za kilohezi 2.5 na mwanafunzi mmoja aandike, kila baada ya nusu dakika, ni hatua gani iliyokuwa safi zaidi. Mchoro wa nambari hizo niletee, nitauchapisha hapa pamoja na majina ya waliouchora, iwapo wazazi wao wataridhia.